Eti Ufadhili Upo Tele, Vijana Hawatafuti

Kuna kauli ambayo siku hizi haina mwenyewe, maana kila mtu anaisema. Mgeni rasmi anaitamka kwenye mahafali ya darasa la 12 hapa Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru nchini Zambia. Mtangazaji anairudia redioni. Mjomba aliyefika kutoka Lusaka anaimalizia sebuleni, akiwa ameshiba ugali na chisense, dagaa wetu wa ziwani: ufadhili wa masomo upo tele, hasa wa sayansi na uhandisi, ila vijana wetu hawatafuti. Wanashinda na simu wakitazama mpira na vichekesho, na simu hiyohiyo ingewafikisha Budapest au Beijing. Kisha inafuata methali: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ng'ambo ya ziwa, Pweto na Kilwa ya Kongo, watu wanaisema kwa Kiswahili bila hata kupunguza neno.

Naipinga. Lakini kabla ya kuipinga niitendee haki, maana wanaoisema hawakuizua usingizini.

Ni kweli kwamba Mastercard Foundation imekuwa ikisomesha vijana wa Kiafrika kwa mpango maalumu tangu 2012. Ni kweli kwamba Hungary ina ufadhili wake, Stipendium Hungaricum, tangu 2013, na kwamba China, Urusi na India huzipa serikali za Afrika nafasi mwaka baada ya mwaka, sayansi na uhandisi zikiwa mbele ya foleni. Ndani ya Zambia kuna Bodi ya Mikopo na Ufadhili wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Tangu Januari 2022 ada zimefutwa katika shule za serikali, za msingi na za sekondari. Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo, ule ambao kila mtu anauita CDF, umepanda kutoka kwacha milioni 1.6 kwa jimbo hadi milioni 25.7 mwaka 2022, na milioni 36.1 mwaka 2025. Intaneti imefika hadi kwenye vibanda vya wavuvi. Na wapo watoto wa wavuvi waliotafuta wakapata. Kwa hiyo, wanasema, visingizio vyote vimekwisha na kilichobaki ni uvivu.

Ukiisikia ukiwa unapita, hoja hiyo inaingia akilini. Tatizo ni ukiikalisha chini na kuihoji.

Kwanza: tele ya nani?

Chukua mojawapo ya zile orodha zinazozunguka kwenye vikundi vya WhatsApp kila Septemba, zenye nyota, mishale na herufi kubwa. Majina ni yaleyale: Chevening, Jumuiya ya Madola, Fulbright, DAAD, Erasmus Mundus. Sasa fanya jambo ambalo wasambazaji wa orodha hawalifanyi, soma masharti. Chevening inataka shahada ya kwanza na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, ambao wenyewe wanauhesabu kuwa saa 2,800. Erasmus Mundus ni ya shahada ya uzamili. Fulbright inayomfikia Mzambia ni ya mtu aliyekwisha hitimu chuo. Nyingi ya zile za DAAD na za Jumuiya ya Madola zinaanzia hapohapo. Beit Trust, iliyoundwa mwaka 1906 kwa wosia wa Alfred Beit, mtu aliyetajirika kwa almasi na dhahabu ya kusini mwa Afrika, inawakumbuka Wazambia kwa jina, na jambo hilo ni la haki kwa kuwa utajiri ulitoka huku. Nayo ni ya uzamili.

Kijana wa Nchelenge hana shahada ya kwanza. Shahada ya kwanza ndiyo anayoitafuta. Ukimpa orodha hiyo unamwelekeza kwenye ghorofa ya tatu ya nyumba isiyo na ngazi za kufika ya kwanza, halafu unamshangaa kuwa bado yuko uani. Wanaoambiwa "upo tele" na wanaoweza kuomba hiyo "tele" ni watu wawili tofauti, na wa pili kwa kawaida keshapata kazi, keshapata pasipoti, na ana ofisi yenye printa.

Kwa aliyemaliza darasa la 12 orodha inasinyaa mara moja: nafasi chache za mikataba baina ya serikali, vyuo vichache vya Afrika na ng'ambo vyenye mpango wa kusomesha maskini kuanzia mwaka wa kwanza, na mkopo wa Bodi. Huo ndio mvungu wote. Watoto wameinama, wengine hadi magoti yamechubuka. Kilichomo mvunguni ndicho haba.

Pili: kuomba ni bure

Hapa ndipo kauli inapovuja zaidi, na hapa nitakaa.

Fomu nyingi za ufadhili hazina ada, hilo silibishi. Lakini fomu huja mwishoni, baada ya mambo mengi yenye bei. Tumfuate kijana wa kubuni lakini wa kawaida kabisa: ni wa Kashikishi, humu humu wilayani, ana alama nzuri za hesabu na sayansi, mama yake anakausha chisense mchangani na kuziuza, baba yake ana nyavu na nusu ya mtumbwi. Matokeo ya darasa la 12 kwa kawaida hutoka Januari au Februari. Ada za maombi ya vyuo, barua za udahili na malipo ya kwanza ya kushikilia nafasi hufuatana nayo. Wadogo zake nao wanarudi shule Januari na hawana sare. Na katika miezi hiyohiyo Ziwa Mweru limefungwa kwa sheria, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wazaliane.

Marufuku hayo yana sababu zake na siyapingi. Ziwa hili na mto wake vilishampoteza samaki aitwaye mpumbu kwa uvuvi wa pupa katika miaka ya 1940, na wazee bado wanamtaja kwa masikitiko. Ninachosema ni kwamba msimu ambao nyumba ya mvuvi haiingizi kitu ndio msimu ambao elimu ya juu inaleta bili zake. Hakuna aliyekaa mezani akapanga hivyo. Wala hakuna aliyekaa mezani akapanga vinginevyo. Ziwa linafunguliwa Machi, pesa zinaanza kuonekana, na tarehe ya mwisho ya maombi imekwisha pita. Mgeni rasmi anapokuja kuuliza kwa nini vijana wetu "huchelewa chelewa", hakuna anayemwonyesha kalenda.

Twende naye steshenari. Ipo kando ya barabara, karibu na soko: kompyuta moja, printa moja, mashine ya kunakili iliyofunikwa kitambaa ili vumbi lisiingie, na jenereta ndogo mlangoni. Mwaka 2024, baada ya ukame kutangazwa kuwa janga la taifa mwishoni mwa Februari, maji ya bwawa la umeme la Kariba yalishuka na mgawo wa umeme nchini ukafika saa 17 na zaidi kwa siku. Jenereta ikinguruma, kila ukurasa una bei ya petroli ndani yake. Hapo kijana analipia kupigwa chapa insha ya kujieleza, kuskaniwa cheti, kuskaniwa kitambulisho cha taifa, kupunguzwa ukubwa wa faili kwa sababu mtandao wa wafadhili haupokei faili kubwa, na kutuma. Mtandao unakatika katikati. Anarudi kesho na kulipa tena, maana mwenye duka hafidii bando la mtu.

Nakala ya cheti inataka muhuri wa kuthibitishwa. Barua ya mapendekezo inatakiwa itumwe na mwalimu mwenyewe kutoka anwani ya barua pepe ya shule, na shule yenyewe haina anwani ya barua pepe. Mwalimu anayo yake, ya jina la utani aliyoifungua chuoni, mfumo unaikataa. Mwalimu wa fizikia aliyemfundisha amehamishiwa wilaya nyingine, simu yake haipatikani. Baadhi ya fomu zinadai namba ya pasipoti ukurasa wa kwanza kabisa, kabla mtu hajajua kama jina lake litasomwa na yeyote. Vyuo vingine vinadai cheti cha mtihani wa Kiingereza, ambao ada yake inazidi dola 200 na hautahiniwi kando ya ziwa. Wanamdai hicho kijana aliyefanya fizikia, kemia, jiografia na hesabu zake zote kwa Kiingereza, na kufaulu.

Akiitwa usaili, Mansa, mji mkuu wa mkoa, ni zaidi ya kilomita 200, Lusaka ni karibu 1,000. Na hapa niongeze kituko kimoja cha ramani. Kijana huyu akichaguliwa Chuo Kikuu cha Copperbelt, kilichoko Kitwe, njia ya mkato kutoka Mansa inavuka daraja la Chembe, lililofunguliwa mwaka 2008, na kupita kilomita kama 70 ndani ya Kongo kabla ya kuingia tena Zambia huko Mokambo. Anavuka mpaka mara mbili, na maafisa wake wote, ili afike chuo cha nchi yake mwenyewe. Anayeogopa vituo vya mpakani anazunguka Serenje, siku nzima ya ziada, kwa nauli inayolingana na safari hiyo. Gharama hii haimo katika hesabu za mtu yeyote anayesema kuomba ni bure.

Na kwa kuwa kutafuta kuna gharama, imezaliwa biashara ya kutafuta. Wakala anapanga chumba, anaweka bendera mbili tatu ukutani, anatoza "usajili" wa ufadhili ambao fomu yake haina ada. Wazazi wanalipa kwa sababu wameambiwa miaka yote kwamba wanaopata ni wale wanaotafuta, na wakala ana jengo la kutafutia. Wahubiri wa bidii ndio wanaomtafutia wateja, bila kumlipisha kamisheni.

Tatu: pesa hufuata alama

Wenye kauli wakibanwa kwenye gharama, wanahamia hapa. Wanasema mwenye alama za juu hakosi. Haijalishi katoka wapi, mtihani haujui mtu.

Mtihani unamjua mtu vizuri sana. Unamjua kwa mikono. Mwanafunzi wa shule yenye maabara ameshika bureti tangu akiwa mdogo. Amedondosha asidi tone kwa tone hadi rangi ikageuka, akakosea, akaanza upya. Mwanafunzi wa shule isiyo na maabara amekariri kwamba rangi hugeuka. Anajua hata inageuka kuwa ipi. Siku ya mtihani wa vitendo ndiyo siku anayoiona ikigeuka kwa mara ya kwanza, na kwa mshangao inampita. Wote wawili wamesoma kwa bidii ileile, pengine wa pili zaidi. Alama zinawatofautisha, na kesho yake tofauti hiyo inaitwa kipaji.

Kuna jingine ambalo wageni rasmi hawaligusi. Katika shule nyingi za vijijini za Zambia fizikia na kemia hufundishwa kama somo moja, "Sayansi", kwa kuwa hakuna vyumba wala walimu wa kuzitenga. Shule za bweni zenye majina zinazifundisha kama masomo mawili yanayojitegemea. Kwa hiyo mlango wa uhandisi unaanza kufinywa mtoto akiwa na miaka kumi na minne au kumi na mitano, kwa uamuzi wa ratiba ambao hakuulizwa. Miaka mitatu baadaye anafika mtu na kumwambia "tafuta".

Wala ugonjwa huu si wa Zambia peke yake. Tanzania ilianzisha Samia Scholarship katika mwaka wa masomo 2022/23 kwa waliofanya vizuri zaidi katika tahasusi za sayansi za kidato cha sita. Serikali iliyoamua kulipia sayansi haiwezi kulaumiwa kwa kulipia sayansi. Lakini kigezo kikiwa alama za juu kabisa peke yake, pesa za umma zinapanda mlima uleule uliokwisha pandwa na karo za shule nzuri, na tunapiga makofi tukiita ushindani.

Halafu kuna suala la mwalimu. Shule ya kando ya ziwa ikimpata mwalimu mmoja wa fizikia mwenye ari, mtu wa kutengeneza mizani kwa vijiti na chupa za maji, yeye ndiye mwenye shahada, uzoefu wa kazi na insha ya kuvutia. Yeye ndiye anayefaa kwa zile orodha za Septemba. Akishinda tunamuaga kwa soda na hotuba, na darasa zima la watu wanaohitaji alama za fizikia linabaki na mwalimu wa dini anayesimamia kipindi. Mwalimu ana haki ya kusonga mbele, na ningekuwa yeye ningekwenda. Ila hesabu ya ufadhili ule haijawahi kuandika upande wa pili wa daftari.

Nne: Bodi ipo, CDF ipo

Hapa nitapita haraka kwa sababu maneno yenyewe yanatosha. Bodi inatoa mikopo. Watu wanaiita basari kwa mazoea ya zamani, lakini ni deni, na humfikia aliyekwisha pata udahili katika chuo kinachotambuliwa. Yaani inakuja baada ya ada za maombi, baada ya nauli, baada ya Februari. Kijana wa mvuvi anaambiwa ajitupe kwanza majini, kamba atarushiwa akifika katikati, na hata akiwa ameandika kila kitu sawasawa anaweza kupewa kipande cha kamba, maana mkopo una viwango.

CDF nayo ina pesa, na katika jimbo la Nchelenge pesa hizo zinaonekana. Sehemu yake ya elimu imeandikwa kwa ajili ya mabweni ya sekondari na mafunzo ya ufundi: kuchomelea, kushona, uashi, umeme wa majumbani. Sina neno na mchomeleaji. Nchi haisimami bila yeye. Lakini tazama mpangilio. Mtoto wa Kashikishi anaweza kulipiwa na jimbo lake ajifunze kuchomelea geti la bwawa la umeme. Akitaka kulisanifu bwawa lenyewe, jimbo halina fungu, na aende akatafute. Mto Kalungwishi unaingia Mweru baada ya kuporomoka Lumangwe na Kabwelume, na umeme wake umekuwa kwenye mipango na mikataba tangu wengi wa wanafunzi wa leo hawajazaliwa. Atakayeukokotoa atatoka mahali ambapo shahada ya uhandisi ina fungu.

Tano: mbona fulani alipata?

Kila kijiji kina fulani wake. Alisoma kwa mwanga wa taa ya kuvulia chisense, akaandika barua arobaini, leo yuko Ulaya na anatuma pesa za bati. Simulizi lake linatumika kama fimbo. Wanaolitumia hawasemi kwamba fulani alikuwa na mjomba mwenye kompyuta, au padri aliyempa chumba Mansa wiki ya maombi, au kwamba mwaka wake walikuwapo wengine wenye alama kama zake ambao sasa wanapakia magunia gatini. Mmoja akivuka mto wenye mamba, aliyebaki ng'ambo hupewa somo la ujasiri, na mamba hatajwi.

Na wapo waliopata wakapotea. Mwaka 2022 Zambia ilitangaziwa kifo cha kijana wake mmoja wa miaka 23. Alikuwa amepelekwa Moscow kwa ufadhili wa serikali kusomea uhandisi wa nyuklia, katika chuo cha kuheshimika. Familia yake ilieleza kwamba alikuwa akifanya kibarua cha kupeleka vifurushi, akakamatwa na kifurushi chenye dawa za kulevya ambacho hakujua kilichomo. Aprili 2020 alihukumiwa kifungo cha miaka tisa na nusu. Kutoka gerezani aliingizwa katika kundi la mamluki la Wagner, na Septemba 2022 akafa vitani Ukraine, kwenye vita ambavyo si vyake wala vya nchi yake. Mwili ulirudi Lusaka Desemba.

Sitaki kumfanya marehemu kuwa hoja zaidi ya inavyostahili. Wafadhiliwa wengi wanaokwenda Urusi wanarudi na vyeti vyao. Lakini huyu alikuwa ametafuta. Alikuwa na alama, alipata, alikwenda, alisoma. Alifanya kila kitu ambacho mgeni rasmi anakitaka. Ufadhili huo haukumwondolea haja ya kibarua, na nchi iliyompeleka kusomea nyuklia haina hata mtambo mmoja wa nyuklia wa kumrudishia. Orodha za Septemba hazina safu ya kuandika aliishije, alilindwa na nani na angerudi kufanya nini. Zina safu ya tarehe ya mwisho.

Sita: nani amtafute nani?

Nimeliacha hili hadi sasa kwa sababu ndilo linaloniudhi kuliko yote. Kauli nzima imejengwa juu ya dhana ambayo haijatamkwa: kwamba kutafuta ni kazi ya mwanafunzi. Nani alisema?

Haikuwa hivyo zamani. Septemba 1959 ndege iliyokodiwa ilipowabeba wanafunzi 81 kutoka Nairobi kwenda Marekani, hakuna aliyewaambia wakatafute. Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, alikwenda mwenyewe kukusanya pesa na nafasi, kamati zikachagua majina, na mpango ukaendelea hadi 1963 ukibeba mamia kutoka Afrika Mashariki na hata Rhodesia ya Kaskazini. Zambia ilipopata uhuru mwaka 1964 ilikuwa na wazawa wapatao 100 tu wenye shahada. Serikali ya Rais Kaunda haikuwasambazia vijana orodha. Mwaka 1965 iliwaita wananchi wachangie chuo kikuu, na watu wakatoa sarafu, mahindi na kuku; mwaka 1966 Chuo Kikuu cha Zambia kilifungua milango, na kwa miaka mingi aliyechaguliwa alisomeshwa na serikali, chakula na malazi yakiwamo. Ndipo miaka ya 1990 ikaja na "kuchangia gharama". Rais Hakainde Hichilema, aliyehitimu chuoni hapo mwaka 1986, amekuwa akisema waziwazi kwamba alisomeshwa kwa fedha za umma. Ni wengi wa rika lake, na wengi wa wageni rasmi wetu wamo. Watu ambao basari iliwafuata hadi mlangoni ndio wanaowafundisha watoto wa leo fadhila ya kutafuta.

Pengine ilikuwa rahisi enzi hizo kwa kuwa watu walikuwa wachache? Sawa, basi tuchukue mfano wa leo, na tuuchukue hapahapa. Tangu 2010 Nchelenge ni mojawapo ya vituo vya utafiti wa kimataifa wa malaria kusini mwa Afrika, unaolipiwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kikishirikiana na Kituo cha Utafiti wa Magonjwa ya Kitropiki cha Ndola. Ni kazi njema na inahitajika, maana malaria ya hapa haitaki kushuka hata baada ya vyandarua na dawa ya ukutani. Tazama walivyoanza: walichukua picha za setilaiti, wakaigawa wilaya kwa miraba, wakahesabu mapaa, wakachagua nyumba za kutembelea. Kisha watu wakatembea hadi kwenye nyumba hizo, kwa miguu na kwa boti, wakachukua damu ya vidoleni na mbu wa kuta. Mbu aina ya Anopheles funestus wa Nchelenge leo anajulikana na wanasayansi hadi Baltimore.

Hakuna aliyesema mwenye malaria na atume maombi. Hakuna aliyedai barua mbili za mapendekezo kutoka kwa mbu. Walipotaka kitu kutoka Nchelenge walikitafuta wao, nyumba kwa nyumba, kutoka angani.

Sasa linganisha na mwanafunzi, ambaye kumpata ni rahisi zaidi kuliko mbu. Baraza la Mitihani la Zambia lina jina lake, shule yake, namba yake na alama zake za hesabu na sayansi, zote katika faili moja, siku matokeo yanapotoka. Serikali inajua asubuhi hiyo nani wa Nchelenge, wa Chiengi, wa Mwense amefaulu vya kutosha kusoma uhandisi. Inaweza kupanga majina kwa shule zisizo na maabara na kuona nani amepata alama hizo bila bureti. Inaweza kumwandikia mkuu wa shule kabla ya jua kuzama. Badala yake faili linafungwa, na mwenye jina ndani yake anaambiwa anunue bando aanze kujitafuta.

Kuna watakaouliza pesa za kuwafuata zitoke wapi. Zipo kwenye maneno yetu wenyewe: si tumeambiwa ni tele? Basi kwa kuanzia, fungu la elimu la CDF liruhusiwe kulipa nauli, muhuri, pasipoti na ada za maombi kuanzia Desemba ziwa linapofungwa, na malipo hayo yafanyike kwa orodha ya Baraza la Mitihani bila kusubiri fomu ya mtu. Wafadhili wanaotaka wanafunzi wa uhandisi kutoka kando ya Mweru wajenge chumba kimoja chenye sinki, gesi na bureti kabla ya kufungua mtandao wa maombi. Na mgeni rasmi wa mahafali yajayo, kabla ya kupanda jukwaani, apite steshenari, akae kwenye kile kibenchi cha mbao, aombe Chevening kwa kutumia kompyuta ile, siku ya mgawo wa umeme, kwa pesa za msimu wa marufuku. Foleni huanza saa mbili asubuhi.